Taarifa ya mwaka ya jiji letu, na kalvati lisilokuwemo

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la mtaa, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa hapa Uganda, alinijia nyumbani akiwa amekumbatia kitabu cha kurasa zipatazo hamsini, chenye picha ya barabara ya lami na taa za sola kwenye jalada, akaniomba jambo ambalo mbele ya mwalimu wa Kiswahili lilionekana dogo: niisome taarifa ile ya mwaka wa fedha 2024/25, kisha nisimame mbele ya wakazi wa mtaa wetu niwaeleze yaliyofanywa na yaliyopangwa. Taarifa ilikuwa ya Kiingereza, kama ilivyo desturi. Mtaa wetu ni wa watu walioletwa na reli, walioletwa na jeshi na walioletwa na biashara. Wamo Wanubi, Walugbara, Waacholi, Wasoga na Wakongomani, na tangu utoto wangu Kiswahili ndiyo lugha pekee inayowakalisha wote chini ya mwembe mmoja bila mtu kusubiri jirani amnong'oneze maana. Nilikubali papo hapo. Sikujua kwamba ningekaa na kitabu kile wiki mbili.

Jiji lenyewe silitaji, kwa kuwa sina ugomvi na ofisi moja. Itoshe kusema kwamba ni mojawapo ya yale kumi yaliyopandishwa hadhi kutoka manispaa. Saba yalianza rasmi tarehe 1 Julai 2020, yaani Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara na Fort Portal. Hoima, Lira na Soroti yakaungana nayo. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa na jiji moja tu, Kampala. Tuliocheza ngoma usiku ule tulidhani hadhi huja na mkoba wa fedha. Kilichokuja kwanza ni mipaka mipya: mji wa zamani uliunganishwa na maeneo ya mashamba yaliyouzunguka, likapatikana jiji lenye divisheni mbili, ambamo mtu mmoja hulalamikia taa ya barabarani iliyoungua na mwingine, aliye jijini vilevile, hulalamikia nguruwe wa jirani walioingia kwenye mihogo yake. Jambo hili huwachekesha wageni, lakini kwa anayepanga mahitaji ya wakazi si la kuchekesha hata kidogo, kwa sababu yule wa mihogo anataka kisima na bwana shamba, huku fedha nyingi zinazoitwa za maendeleo ya miji zikiwa zimekwisha kuitwa lami kabla hazijafika.

Tatizo la kwanza nililokutana nalo katika kusoma lilikuwa kwamba taarifa haianzi na watu. Inaanza na majedwali ya fedha zilizoidhinishwa, fedha zilizopokelewa na fedha zilizotumika, idara kwa idara, robo ya mwaka kwa robo ya mwaka, na kwa muda mrefu mtu husoma bila kukutana na nyumba, mtoto wala mgonjwa. Sisemi kwamba hesabu hizo ni za uongo. Madarasa mawili yaliyotajwa nimeyaona kwa macho yangu, mabati yake bado yanang'aa, na taa za kwenye jalada huwaka kweli. Lakini katika sura ya afya, kwa mfano, nilikuta idadi ya ziara za ukaguzi na idadi ya mafunzo ya watumishi, na sikukuta popote mgonjwa anangoja muda gani kabla ya kuonwa, jambo ambalo kila mama wa mtaa wetu angeweza kumwambia mwandishi wa taarifa bila kulipwa posho.

Siku ya mkutano nilifika na karatasi zangu, nikaanza na jedwali la kwanza, na hapo ndipo nilipojikwaa. Lipo neno ambalo watu wa fedha hulipenda sana, la kueleza kwamba fedha iliyoletwa imetumika, na tafsiri yake ya kawaida ni kufyonzwa. Nikasema, kwa sauti ya darasani, kwamba karibu fedha zote za mwaka zilifyonzwa. Kukawa kimya. Kisha hajati mmoja, jirani yangu anayekaanga mihogo na samaki kando ya njia, akainua mkono.

"Mwalimu, umesema zilifyonzwa?"

"Ndiyo, hajati."

"Zilifyonzwa na nani?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nilijitahidi kueleza kwamba si tuhuma, ni istilahi tu, na kwamba kwa macho ya serikali kuu jiji linalofyonza fedha zake zote ni jiji lililofanya kazi. Mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, akasema kwa upole kwamba hata kupe hufyonza vizuri. Nikaendelea na ukurasa wa pili.

Hata hivyo swali la hajati lilinifanya nirudi kwenye sheria nilipofika nyumbani, na nadhani jibu lake linaeleza mengi. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, fedha ambayo haijatumika ifikapo siku hiyo ya mwisho hurejeshwa katika mfuko mkuu wa serikali. Fedha yenyewe huja kwa robo, mara nyingine kwa kuchelewa. Zabuni nayo ina siku zake za kutangazwa, za kufunguliwa na za kukatiwa rufaa. Kwa hiyo mhandisi anayepata fedha mwezi wa Februari hujikuta Mei bado anasubiri saini, na Juni ndiyo huwa mwezi wa magreda. Tulio wenyeji tunajua: ukisikia greda linanguruma alfajiri, hesabu siku zilizobaki za mwaka wa fedha. Barabara huchongwa, moramu humwagwa, haishindiliwi vya kutosha, na mvua zinazofuata huishusha yote mtaroni. Katika taarifa, barabara hiyo imekamilika. Anayeiandika hivyo hasemi uongo. Siku alipoikagua ilikuwa imekamilika.

Kuhusu fedha inakotoka, niliwaeleza wenzangu kwa kirefu kuliko walivyotaka, na sijutii. Sehemu kubwa kabisa ya bajeti ya jiji kama letu ni ruzuku kutoka serikali kuu, na nyingi ya ruzuku hizo zina masharti: hii ni mishahara ya walimu, hii ni dawa, hii ni matengenezo ya barabara, na hairuhusiwi kuhamisha shilingi ya upande huu kwenda upande ule hata kama mvua imebomoa daraja. Ipo ruzuku ya maendeleo ambayo jiji lina uhuru fulani wa kuipangia, nayo ndiyo inayogombewa na madiwani wote. Kisha yapo mapato ya ndani, ambayo ndiyo pekee tunayoweza kusema kwa kinywa kipana kwamba ni yetu: leseni za biashara, ushuru wa masoko, kodi ya majengo, ushuru wa hoteli, na ile kodi ya huduma za mitaa ambayo mimi mwenyewe hukatwa kwenye mshahara kwa awamu kuanzia Julai, na ambayo kwa mwenye kipato cha juu haizidi shilingi 100,000 kwa mwaka.

Wazee wanakumbuka kodi ya kichwa, ile iliyofanya vijana walale msituni msimu wa ukaguzi. Ilifutwa mwaka 2005, na hakuna mtu mtaani kwetu anayeililia. Lakini pamoja na udhia wake wote, ilikuwa fedha ya serikali ya mtaa, na ilipoondoka pengo lake halikuzibwa. Kodi ya huduma za mitaa na ushuru wa hoteli vilivyoanzishwa mwaka 2008 havikufikia kimo chake. Mwaka uleule wa 2005 sheria mpya ya kodi ya majengo ilimsamehe mwenye nyumba anayeishi ndani ya nyumba yake. Mimi ni mmoja wa waliosamehewa, na nilifurahi. Ila siku hizi, ninapouliza kwa nini jiji haliwezi kununua hata lori la pili la taka kwa fedha yake, huwa najibiwa na nafsi yangu kabla ya karani hajajibu.

Sasa nifike kwenye kalvati, yaani kivuko cha zege kinachopitisha maji chini ya njia, kwa maana ndilo lililonifanya niandike.

Kati ya nyumba zetu na barabara inayoelekea shule ya msingi unapita mtaro. Wakati wa kiangazi mtu huuvuka bila shida, na chini yake kuna chupa za plastiki, majani ya migomba na mbwa anayelala. Mvua zikinyesha, Aprili na tena Novemba, maji hushuka kutoka juu sokoni kwa kasi isiyolingana na ukubwa wa mtaro wenyewe, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na hupanda hadi kwenye kizingiti cha banda la hajati. Yeye ndiye aliyetengeneza kivuko kilichopo: mbao tatu za kujengea zilizofungwa kwa waya, ya katikati ikiwa imepinda, ambayo watoto wameipa jina la ngamia. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili aliteleza kwenye ngamia huyo; alidakwa kwa ukosi wa sare na kijana wa boda boda aliyekuwa akisubiri abiria. Tangu hapo hajati, mvua ikinyesha asubuhi, huacha karai lake la mafuta na kusimama mtaroni akiwashika watoto mikono mmoja mmoja. Mihogo huungua. Hilo halimo katika jedwali lolote.

Nilipomaliza kusoma taarifa, swali la kwanza lilikuwa kalvati liko ukurasa wa ngapi. Nilikuwa nimeshalitafuta. Halikuwemo katika yaliyofanywa, jambo ambalo kila mtu alilijua, lakini halikuwemo hata katika yale yaliyoahirishwa, wala katika orodha ya miradi isiyo na fedha. Watu walikasirika, nami pia, na wengi walisema kwamba jiji limetupuuza. Nikaomba niletewe kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya mtaa, ili tuwe na tarehe tulizolalamika. Mwenyekiti alikileta. Ni daftari la mistari lenye jalada la bluu. Tulikuta humo mashauri ya mipaka ya viwanja, ugomvi wa wake wenza, mchango wa mazishi, majina ya wapangaji wapya, na mbuzi aliyepotea ambaye habari zake zimeandikwa kwa kurasa mbili. Kalvati tumelizungumza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Katika miaka minne ya daftari lile hatukuwahi kuliandika hata mara moja.

Nililiona hilo kuwa pigo zito kuliko uzembe wowote wa ofisini, maana utaratibu wa kupanga, ukiufuata kuanzia chini, hauanzii mahali pengine ila hapo. Haja ya wakazi hutajwa katika mkutano wa mtaa na kuandikwa; hupelekwa kwenye kata, ambako afisa wa kata na kamati ya maendeleo huzichambua haja za mitaa yote; huenda divisheni, kisha jiji, ambako mkutano wa bajeti hufanyika mnamo Oktoba au Novemba. Yanayobaki baada ya mchujo huo huingia katika mwongozo wa bajeti, na wa taifa zima lazima uwe umefika Bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba. Makadirio yenyewe huwasilishwa ifikapo tarehe 1 Aprili, Bunge huyapitisha kabla ya mwisho wa Mei, na hotuba ya bajeti tunayoisikiliza redioni mwezi wa Juni, ambayo wengi wetu huidhani ndiyo mwanzo, ni kama harusi inayofanyika baada ya mahari kwisha kulipwa. Anayepaza sauti Aprili, maji yakiwa magotini, anaomba kitu ambacho mlango wake ulifungwa Novemba iliyopita na utafunguliwa tena Septemba ijayo, wakati mtaro umekauka na mbwa amelala.

Sitaki msomaji aniponde kwamba natetea ofisi. Mkutano wa Oktoba nao una kasoro yake kubwa, kwamba ukomo wa bajeti hutoka Kampala, na idara huja zikiwa zimeshajua kiasi kilichobaki cha kugawana. Mwananchi huulizwa anataka kula nini baada ya sufuria kuinjikwa. Zaidi ya hayo, kuwemo katika mpango si kufanyika. Kampala ilitupa mfano wa kutisha. Dampo la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996, lilijulikana kwa miaka kuwa limejaa kupita kiasi, na ardhi nyingine ilikuwa imeshanunuliwa Ddundu, wilayani Mukono. Taka ziliendelea kupelekwa palepale hadi tarehe 10 Agosti 2024, mlima ule ulipoporomoka baada ya mvua ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Mwezi uliofuata Rais aliwafuta kazi Mkurugenzi Mtendaji wa jiji, naibu wake na mkurugenzi wa afya. Haja ile haikukosa kuandikwa.

Na kuna njia nyingine kabisa, ya kelele. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri na mchoraji wa katuni, aliwaalika watu mtandaoni waonyeshe picha za mashimo ya barabara za Kampala. Picha zikamiminika kwa maelfu, watu wakivua samaki wa kubuni katikati ya barabara, na haukupita muda Rais akaagiza mamlaka ya jiji ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Vijana wetu walipendekeza tufanye hivyohivyo na ngamia wa hajati. Sikuwakataza. Ila niliwaambia kwamba Kampala ina wabunge, mabalozi na kamera za kila aina zinazopita juu ya mashimo yake kila siku, na mtaro wetu unapitiwa na watoto wa darasa la pili.

Jambo moja la lugha nalitaja kwa haraka kwa kuwa linanihusu kikazi. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Serikali ilipotaka jina la mikutano ambayo watumishi huja kuwaeleza wananchi fedha zilivyotumika, mpango uliozinduliwa mwaka 2009, ilichagua neno baraza. Jina tumepewa, karatasi zinazosomwa kwenye baraza hilo bado zinahitaji mwalimu wa kuzitafsiri, naye mwalimu huyo huishia kutafsiri kwa neno kufyonza.

Mkutano wetu wa pili ulifanyika Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Walihudhuria pia wagombea wawili wa udiwani, kwani uchaguzi wa Januari 2026 ulikuwa umeshaanza kunukia, na kila mmoja aliahidi lami. Mwenyekiti aliwashukuru, akawaomba wakae. Ajenda ilikuwa moja. Fundi mmoja alikuja na futi ya chuma, tukaenda mtaroni sote, tukapima upana wa mita 3 na kina cha mita 1 na nusu, tukahesabu watoto wanaovuka asubuhi moja, wakawa 112, na yote haya yakaandikwa kwenye daftari la bluu, chini ya habari za yule mbuzi. Tukaweka saini. Mhuri wa LC1, uleule unaogongwa kwenye barua za kufungulia akaunti ya benki, ukagongwa bila mtu kutozwa kitu, na hilo nalo lilipigiwa makofi.

Siku ya pili mwenyekiti, hajati na mimi tulipeleka nakala kwa afisa wa kata. Alikuwa kijana mpole mwenye meza iliyojaa mafaili. Aliisoma barua yote, akafungua rejista ya haja za mitaa, akaandika jina la mtaa wetu, kisha akainua kalamu.

"Mnataka la bomba au la sanduku?"

Mwenyekiti aliniangalia, nami nikaangalia dirishani, kwa kuwa sikujua kwamba zipo aina mbili.

"La sanduku," akasema hajati nyuma yetu. "La bomba litajaa chupa kwa mvua mbili tu, mwanangu, halafu maji yatarudi kwangu."

Afisa akaandika: la sanduku.